Ateri Isichomwe kwa Mazoea

Damu ya ateri haichotwi kirahisi. Daktari hupapasa mapigo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kisha huingiza sindano akiufuata mshipa asiouona. Akiukosa, hurudia, akiupata, pamba hubanwa hapo kwa dakika kadhaa ili damu isivie. Damu ya vena hupatikana kwa uchungu mdogo zaidi, mara nyingi kwa sindano ileile inayotoa damu ya kupima sukari na figo. Kwa wagonjwa mahututi walio wengi, kipimo cha gesi za damu kianzie kwenye vena, na ateri ichomwe pale tu jibu lake linapoweza kubadili matibabu.

Ushahidi upo. Kwa wastani, pH ya vena huwa chini ya ile ya ateri kwa takriban 0.03, na bikaboneti hupishana kidogo tu. Mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imejaa asidi, pH iwe 7.05 au 7.08, atapewa maji na insulini vilevile na potasiamu yake itafuatiliwa vilevile. Ndiyo maana hata mwongozo wa Uingereza unaikubali vena kwa wagonjwa hao. Hewa ya ukaa yataka tahadhari zaidi. Ikiwa chini ya milimita 45 za zebaki kwenye vena, ni nadra sana iwe imerundikana mwilini. Ikizidi hapo, ateri ndiyo itakayoamua. Kuhusu oksijeni, vena haiwezi kutoa ushahidi: ni lori linalorudi baada ya kushusha mzigo, na ukilichungulia hutajua liliondoka na magunia mangapi. Kazi hiyo tukiachie kipima oksijeni cha kidoleni.

Tuitazame njia ya mgonjwa wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Kambi hiyo ya wilaya ya Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza, ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, na kituo chake cha afya huhudumia pia vijiji jirani. Aliyezidiwa hupewa rufaa, na Hospitali Kuu ya Kamuzu iko Lilongwe, zaidi ya kilomita 40. Sampuli ya gesi haivumilii safari hiyo, kwani chembe za damu huendelea kula oksijeni na sukari ndani ya bomba la sindano. Basi Dzaleka ihesabu pumzi kwa dakika nzima, itambue ule upumuaji mzito wa mwenye asidi, na iwe na kipima cha kidoleni. Kipimo cha gesi kisubiri Lilongwe, na huko, katika wodi yenye vitanda vingi na mikono michache, kipimo chepesi kinachorudiwa baada ya saa mbili kitaonyesha vyema zaidi mgonjwa anaelekea wapi kuliko kigumu kilichofanywa mara moja.

Wapo watakaosema haya ni matibabu ya kimaskini. Mfano wa Uingereza unatosha kuwajibu. Pingamizi zito ni jingine: kipima cha kidoleni huikosea ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa weusi waliosomeka asilimia 92 hadi 96, karibu 12 kati ya 100 walikuwa chini ya 88 kwa kipimo cha ateri. Kwa weupe, hawakufika 4. Malawi haiwezi kulipuuza hilo. Lakini dawa yake si kumchoma kila mtu ateri, bali kutoiamini 93 ya kidoleni pale mgonjwa anapotweta, na hapo ateri ichomwe. Vivyo hivyo mzunguko wa damu unapoporomoka, kwa kipindupindu au maambukizi makali: pengo kati ya mishipa hiyo miwili hupanuka. Laktati, kiashiria cha hali hiyo, ikiwa ya kawaida kwenye vena hutuliza moyo. Iliyopanda yadai uhakika zaidi.

Kanuni hii yaenea kwenye ukurasa mmoja ukutani mwa wodi. Kipimo chake ni sentensi moja: kabla ya kukishika kifundo cha mkono, daktari aweze kusema ateri itamwambia nini ambacho vena haikumwambia. Na kama mgonjwa ametoka Dzaleka, ambako Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Wakongo na Warundi wengi, sentensi hiyo itafsiriwe aielewe. Daktari asiyeweza kuitamka bado hajapata sababu ya kuchoma.