NANI ATABEBA MZINGA?

Sikushika kalamu hii ili kuomba radhi, la hasha. Tangu muhula wa kwanza uvumi umetambaa mabwenini kama moto wa kichaka, ati mimi ni mkuu wa mchezo wa mashetani. Juzi kiranja mmoja aliniuliza kwenye foleni ya githeri, mbele ya umati, kama ni kweli huwa tunaita pepo kwa simu wakati wa likizo. Watu waliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini moyoni niliumia. Na kwa vile chama chetu kinatarajiwa kuamua kama mchezo huu utaruhusiwa katika kipindi cha vyama siku ya Ijumaa, nimeona heri niseme yangu kwa maandishi, ili atakayenipinga anipinge kwa nililolisema na si kwa alilolisikia bafuni.

Kwanza, mchezo wenyewe ni nini? Wanakaa watu wanne au watano. Mmoja ndiye msimulizi: yeye hueleza mahali, hali ya hewa, adui na njaa. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake na husema mhusika huyo anafanya nini. Penye shaka, dadu huamua. Hakuna goli, hakuna kombe. Ni kama ngano ya nyanya jioni, isipokuwa wajukuu wamepewa ruhusa ya kumkatiza na kuingia ndani ya hadithi. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ulitoka Marekani mwaka wa 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na miaka ya 1980 wazazi na wahubiri wa huko waliupigia kelele kwamba unafundisha uchawi. Hapa kwetu nasi tuna historia yetu. Mwaka wa 1994 Rais Moi aliteua tume nzima kuchunguza ibada za shetani, na shule zilikuwa miongoni mwa mahali palipotajwa. Kwa hivyo simlaumu sana yule kiranja. Huenda alirithi hofu ya mjomba wake.

Sisi tulicheza kwa simu, likizo ya Agosti mwaka wa 2024, nilipokuwa Kidato cha Pili. Mmoja alikuwa Nakuru, mmoja Kisumu, mmoja Nairobi, nami nyumbani Voi. Binamu yangu alijiunga kutoka Minnesota, ambako saa zetu mbili za usiku zilikuwa saa sita za mchana. Tulisikilizana sauti tu, maana picha hula bando kama nzige. Stima ikipotea upande mmoja tunangoja, ikikawia tunamwacha mwenzetu tunaendelea. Kumbukeni jambo hilo la kuendelea. Nitalirudia.

Aina ya hadithi tuliyoichagua inaitwa dizelipanki. Neno hilo lilibuniwa mwaka wa 2001 na mtunzi wa michezo Lewis Pollak. Ni dunia ya mashine kubwa za kati ya vita viwili vya dunia: moshi, grisi, vifaru, redio zinazokoroma, serikali katili, na anga iliyojaa ndege zenye ukubwa wa kanisa. Hata huyo Mjerumani aliyetuachia jina la dizeli, Rudolf Diesel, mwisho wake ni wa kiza. Alipanda meli ya kwenda Uingereza Septemba mwaka wa 1913, usiku akatoweka, na maiti yake ikaonekana baharini siku kadhaa baadaye.

Wengi hudhani dunia hiyo ni ya Berlin na London tu. Nami nilidhani hivyo, mpaka tulipozuru Mombasa na shule tukaonyeshwa mzinga ulioko Fort Jesus, uliotoka katika manowari ya Königsberg. Wajerumani waliificha manowari hiyo katika delta ya Rufiji, Waingereza wakaisaka kwa ndege, na mwaka wa 1915 ikazama humo humo matopeni. Mizinga yake iling'olewa, ikakokotwa nchi kavu kwenda kupigana. (Najua, Königsberg ilitumia makaa ya mawe wala si dizeli. Msinishike shati.) Kisha nikasoma habari za zepelini L59. Novemba mwaka wa 1917 ndege hiyo iliondoka Jamboli, Bulgaria, na tani kama 15 za dawa, risasi na vifaa, ikawa inamfuata Jenerali von Lettow-Vorbeck huku kwetu. Haikutarajiwa kurudi. Gesi ya kuijaza upya haikupatikana Afrika, kwa hivyo ingefika na kukatwakatwa: kitambaa chake kiwe mahema na nguo, mifupa yake iwe milingoti ya redio. Ilifika anga ya Sudan, ikaagizwa kwa redio irejee, ikarejea baada ya saa 95 hewani pasipo kutua. Nilipolisoma hilo sikulala. Je, lau ingefika?

Hapo ndipo hadithi yetu ilipoanzia. Zepelini zilifika, zikaja na nyingine, vita havikuisha mwaka wa 1918, na sasa ni mwaka wa 1921. Reli ya Voi hadi Taveta imekuwa ngome ya chuma na Taita nzima inanuka mafuta.

Basi nikawauliza wenzangu wachague wahusika. Binamu akawa rubani. Wa Kisumu akawa karani mpelelezi, mwenye koti refu hata kwenye jua la Voi. Wa Nakuru akataka kuwa kapteni. Wa Nairobi, msichana hodari kuliko sisi sote, akawa fundi wa mitambo. Nami nitamwita Fundi hapa, maana jina lake si langu kulitangaza. Nilipouliza nani atakuwa mpagazi, kimya. "Mazee, mpagazi hufanya nini? Anabeba tu!" akasema Kapteni, tukacheka.

Kweli, alibeba tu. Katika vita vile vya kweli Waingereza waliwakusanya wanaume wa nchi hii kwa maelfu, na mwaka wa 1917 walinaswa kwa nguvu vijijini. Waliokufa katika kikosi hicho, kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, walipita 40,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na chakula kibovu. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo tunalolitamka leo Kariokor tukienda sokoni Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Mzinga wa Fort Jesus haukutembea peke yake. Nilimwambia Kapteni hivyo. Akanijibu kwamba hakuacha vitabu vya historia ili afuatwe navyo hadi likizoni. Nikaona basi, giza nitaliingiza kwa mlango mwingine.

Usiku wa tatu niliandaa tukio. Nilikuwa nimerekodi mashine ya dizeli ya kusaga unga ya jirani, ile inayoanza kwa kukohoa kabla ya kunguruma, ili niicheze karibu na simu. Nikasimulia kijiji kando ya mto Voi. Usiku wa manane askari wanakuja na tingatinga la vita, wanataka mahali pa kujenga matangi ya mafuta. Wenyeji wanapewa dakika kumi. Nikaicheza ile sauti. Nikaeleza mabati yanavyokunjika, sufuria zinavyopondwa, mtoto anavyotafuta kiatu. Ndugu zangu, nilisimulia! Nilijihisi msanii wa jukwaa la kitaifa. "Wee, hiyo ni noma!" akasema binamu.

Nikamgeukia Fundi. "Uko kwenye mlango wa nyumba ya mwisho. Unafanya nini?"

Kimya.

"Mtandao umemtupa," akasema Karani. Tukangoja kama dakika mbili. Kisha, kwa kuwa bando la Kapteni lilikuwa linakaribia kwisha, tukamrushia dadu. Ndiyo, tulimchezea mwenzetu bila yeye kuwepo. Dadu ikaanguka vibaya, nami nikatangaza kwamba Fundi ameshikwa na askari na nyumba imekwenda. Tukaendelea hadi saa tano.

Asubuhi niliona ametoka kwenye kundi letu la WhatsApp. Hakuaga.

Alinipigia simu baada ya wiki moja. Mtandao wake haukuwa na kasoro yoyote usiku ule. Mvua kubwa za Aprili na Mei mwaka wa 2024 zilipofurika Nairobi, nyumba nyingi kando ya mito zilibomolewa, na ya kwao ilikuwa mojawapo. Hakuwa amemwambia mtu yeyote miongoni mwetu. Tulidhani amehamia kwa shangazi yake kwa sababu ya shule. Nayakumbuka maneno yake. "Wewe ulikuwa unaicheza hiyo sauti kama ngoma. Mimi niliisikia nikiwa nimebeba godoro." Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. "Sikukasirika kwa sababu ya tingatinga. Nilisikia mkinirushia dadu. Hakuna aliyeniuliza niko wapi."

Hiyo ndiyo sababu ya makala haya, wala si mashetani.

Waliotangulia kunishauri wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema mchezo wa giza upigwe marufuku, tucheze hadithi za sungura na fisi. Lakini nyinyi mmesoma ngano zetu vizuri? Sungura humpika mama yake fisi. Na mchezo usio na giza katika mwaka wa 1921 ningeupata wapi, bila kuwafuta wale watu 40,000 na zaidi kwa raba? Tukicheza marubani na makapteni tu, vita vile vinabaki tamasha la mashine nzuri. Hilo ndilo kosa la dizelipanki nyingi nilizoziona: hupenda sana chuma, husahau mabega.

Kambi ya pili ni ya rafiki zangu wenyewe, nayo inanikera zaidi. "Ni mchezo tu, alizidisha." Ati mchezo tu! Kwani mimi nilirekodi mashine ya unga ili iwe mchezo tu? Niliirekodi ili iingie mtu mwilini. Ikishaingia siwezi kugeuka niseme haikuwa yangu. Msimulizi anayejisifu kwamba hadithi yake iliwatoa watu machozi hana budi kumtazama aliyetokwa na machozi.

Na kumtazama ndiko kulikoshindikana kwenye simu. Mezani ningeuona uso wake kabla hajafungua kinywa. Kwenye simu kimya cha aliyepotewa na mtandao na kimya cha aliyeumia ni kimya kimoja, nasi tukachagua maana iliyoturahisishia. Hatukumdharau, tulikuwa na haraka. Kwa aliyekuwa upande ule wa pili sidhani kama tofauti ilikuwapo.

Tangu hapo nilijifunza kuwa wachezaji wa ng'ambo wana desturi ya kadi ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos. Kadi huwekwa mezani, yeyote akiigusa tukio linaachwa, wala haulizwi sababu. Ni nzuri. Lakini inamtaka aliyeumia ndiye afanye kitu, na Fundi usiku ule hakuweza hata kubonyeza herufi moja. Kwa hivyo tuliigeuza. Kwetu kimya ndicho X. Mtu akinyamaza, hadithi inasimama, msimulizi anampigia simu ya kawaida, na dadu haiguswi hadi apatikane. Kila mmoja hubakiza shilingi kumi za maongezi kwa kazi hiyo. Pia kabla ya kuanza kila mtu huniandikia faraghani jambo ambalo hataki litokee. Kapteni analalamika kuwa sasa mchezo unakwenda mwendo wa kinyonga, na kwamba giza linalobisha hodi si giza. Ana hoja, kwa kiasi. Likizo ya Disemba tulisimama mara nne usiku mmoja, na mara zote nne ilikuwa stima tu. Nilikereka kweli kweli. Bado nitapiga simu ya tano.

Sasa kuhusu Ijumaa. Ninachoomba chama ni meza moja, watu watano, dadu za ludo, kuanzia saa kumi na robo hadi kengele ya usafi. Hakuna simu, kwa hivyo sheria ya shule haiguswi, na nyuso zote zinaonekana. Na mchezo utakuwa kwa Kiswahili. Katika likizo ile tulizungumza Kiswahili saa tatu mfululizo kila usiku bila kiranja wa kutuandika. Tulibishana nusu saa kama chombo cha kuvusha tangi mtoni ni tishali au ni mashua. Ni mjadala gani wa chama hiki uliowahi kutufikisha huko? Mwalimu mlezi, najua una wasiwasi kuhusu wazazi. Waalike waje wakae nasi, kiti kimoja kitaachwa wazi.

Fundi amerudi, mkitaka kujua, ingawa si kama fundi. Alirudi Disemba na sharti moja, kwamba kile kijiji cha kando ya mto tukirudie, safari hii yeye akiwa msimulizi na mimi nikiwa mwenye nyumba. Sauti ya mashine hakuicheza. Alinipa dakika kumi, akaniuliza nitabeba nini kwanza, nami nikagundua kwamba sikuwa nimewahi kufikiria ndani ya nyumba ile kulikuwa na nini.

Nafasi ya mpagazi bado iko wazi. Anayeitaka anione katika Kidato cha Tatu Mashariki kabla ya maandalio ya jioni.