Samaki wa Kale ni Wetu, Kabati ni za Wengine

Mtoto wa Mombasa anayetaka kuona kile kilichoogelea hapa kabla kisiwa chake hakijawa kisiwa, na atafute nauli ya Glasgow. Huko, katika Makumbusho ya Hunterian, ndiko ulikoishia mkusanyo wa Bi. McKinnon Wood, aliyeipekua miamba ya pwani yetu enzi za ukoloni. Ripoti za mkusanyo huo zilichapwa huko huko mwaka 1930, na ndani yake wamo amonaiti wa pwani hii, viumbe wa gamba lililojiviringa, ndugu wa mbali wa pweza na ngisi. Sisemi bibi huyo aliiba. Sheria ilikuwa yao, mizani ilikuwa yao, meli ilikuwa yao.

Mtaniambia amonaiti si samaki. Haya, tuje kwa samaki, ambako mambo yalikuwa mabaya zaidi.

Desemba 1938 meli ya uvuvi ilimtoa silikanti majini karibu na East London, Afrika Kusini. Wataalamu walikuwa wakimjua kwa visukuku tu, wakiamini ukoo wake ulikwisha pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Profesa J.L.B. Smith akampa jina la kisayansi, kisha akahangaika miaka 14 kumtafuta wa pili. Alichapisha vikaratasi vyenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100, vikasambazwa pwani na visiwani. Lugha zilikuwa tatu: Kireno, Kiingereza na Kifaransa. Mtu anamtafuta samaki katika bahari ambayo wavuvi wake, kuanzia Lamu hadi kusini ya Kilwa, wanaitana kwa Kiswahili, na Kiswahili hakiandiki!

Aliyempata ni Ahmadi Abdallah, mvuvi wa Nzwani, Komoro, Desemba 1952. Aliyemtambua kuwa ndiye yule wa kwenye kikaratasi ni mwalimu wa huko huko, Affane Mohamed. Serikali ya Afrika Kusini ikatuma ndege ya kijeshi, samaki akachukuliwa. Na Smith akamwitaje? Malania anjouanae, kwa heshima ya D.F. Malan, waziri mkuu aliyeijenga serikali ya ubaguzi wa rangi. Samaki kavuliwa na Mwafrika Mwislamu ambaye katika nchi ya Malan angechaguliwa hata benchi la kukalia, halafu anabandikwa jina la Malan. Baadaye jina hilo liliondolewa. Msidhani ni kwa aibu: iligundulika tu kwamba ni samaki wa aina ile ile ya 1938. Wakomoro wao walikuwa wakimwita gombesa, wakimvua mara moja moja, na hawakuwa wamehisi haja ya kumtangaza kuwa amefufuka.

Hayo ya wakoloni na makaburu tumeyazoea, na ni rahisi kuyalalamikia. Ninachotaka kukisema leo kinatuhusu sisi.

Mwaka 2001 silikanti alinaswa na meli ya uvuvi nje ya Malindi, wa kwanza kuthibitishwa Kenya. Mwaka 2003 akatokea Songo Mnara, Kilwa. Kuanzia 2004 Tanga ikawatoa kwa makumi, wengi wao wakinasa kwenye jarife zilizotegwa kilindini kuvizia papa. Mwaka 2009 akavuliwa Nungwi, Unguja. Tanzania angalau ilijitutumua, ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka huo huo wa 2009. Sisi? Makala ya kisayansi iliandikwa, samaki akahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, shughuli ikaisha. Naomba kuuliza: ni shule gani ya Kisiwani iliyowahi kupanga safari ya kumwona? Ni mvuvi yupi wa Bandari ya Kale aliyepewa picha yake, akaambiwa akimnasa afanye nini?

Na si samaki wa kusahaulika huyo. Rangi yake ni buluu ya chuma yenye madoa meupe, magamba magumu, mapezi yameota juu ya vikono vya nyama, na katikati ya mkia pana kijimkia kingine kimechomoza. Utafiti uliotolewa 2021 ulikadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100 na kubeba mimba kwa takriban miaka 5. Kwa hiyo jarife moja ikimuua jike mwenye mimba, hasara yake hailipiki katika umri wa mvuvi. Mkataba wa CITES umemweka katika orodha yake ya kwanza, ya ulinzi mkali kabisa, na biashara ya kimataifa ya samaki huyu ni haramu.

Lakini waliokufa kwenye mwamba hawana hata kelele hizo. Tazama kuta na vibaraza vilivyopambwa kwa yale mawe bapa tunayoyaita Mazeras. Yanatoka kwenye mawe ya mchanga ya Duruma, huku nyuma ya Mombasa. Katika ukanda huo huo, kwenye tabaka za Maji ya Chumvi zenye umri wa miaka kama milioni 250, wanajiolojia wamekuta mabaki ya samaki, na mwaka 1977 mtambaazi wa kale wa Mariakani alitangazwa kwa jina Kenyasaurus mariakaniensis. Mchimba mawe anashinda juani na nyundo na patasi, akibandua ubao mmoja wa jiwe juu ya mwingine. Siku moja ubao ukifunguka akakuta safu ya magamba na uti wa mgongo, afanyeje? Jiwe lenye alama ni jiwe bovu. Lori linasubiri, naye analipwa kwa mawe safi.

Msinitajie sheria. Ipo, ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006: inataka leseni kabla ya kutafuta, taarifa ukishapata, na kibali kabla ya kutoa nje ya nchi. Imeandikwa kwa Kiingereza. Sasa tunamcheka Smith kwa lipi?

Wakusanyaji binafsi wana utetezi wao: tusipoviokota sisi, vitasagwa kokoto. Maneno matamu. Kisukuku kilichong'olewa bila kuandikwa kimetoka jiwe gani, tabaka gani, jirani na nini, hakimwambii mtaalamu nusu ya yale ambayo kingemweleza. Kinabaki pambo la mezani. Mwenye mapenzi ya kweli angepiga picha, angeandika mahali, angeita makumbusho. Na vilivyokwishaondoka hurudi, vikidaiwa kwa sauti: Brazil ilipiga kelele hadi Ujerumani ikairudisha Ubirajara, kisukuku cha dinosaria, mwaka 2023. Sisi Glasgow hatujaisumbua hata kwa kuomba nakala za plasta.

Cha kuudhi ni kwamba Mji wa Kale wenyewe ni bahari iliyoganda. Pita vichochoroni nyuma ya Ndia Kuu, pale lipu ilipobanduka: matumbawe yenye vyumba vyake vidogo vidogo, kombe limekwama ukingoni, lote limekatwa kwenye mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka 100,000. Fort Jesus imekaa juu ya mwamba huo huo. Ndani tunaonyeshwa vyungu, mizinga na mabaki ya Santo António de Tanná, jahazi la Wareno lililozama hapa 1697. Vizuri. Wareno wamekumbukwa vya kutosha.

Nadai chumba kimoja ndani ya ngome hiyo. Silikanti wa Malindi aletwe, au nakala yake. Mabaki ya samaki wa Maji ya Chumvi yawekwe ubavuni pake, pamoja na nakala za amonaiti wetu wa Glasgow. Wachimba mawe wa Mariakani walipwe kwa kila kisukuku wanachokiripoti, bei nono kuliko ya jiwe safi, na waelezwe hivyo kwa Kiduruma na Kiswahili. Na kila kibao cha maelezo kianze na aliyevua au aliyechimba. Profesa atafuata chini yake.