Maji Matamu Chooni, Kinyesi Baharini

Jamani, leo naomba tuzungumzie choo. Najua wengine mnasoma huku mnakunywa chai, nisameheni, lakini hili limenikaa kooni muda mrefu. Wapo wenye boti za starehe hapa pwani kwetu, Dar na Unguja, wanaobadilisha vyoo vya boti zao ili viache kusukumwa kwa maji ya bahari na visukumwe kwa maji matamu. Halafu wanatuambia hiyo ni huduma ya kisasa na, eti, ni kutunza mazingira. Mimi nasema wanatunza pua za wageni wao. Bahari haijatunzwa hata kidogo.

Tuwatendee haki kwanza. Choo cha kawaida cha boti hakina tangi la juu kama cha nyumbani. Kuna tundu kwenye tumbo la boti, chini ya maji, lenye vali. Ukipiga pampu, iwe ya mkono au ya umeme, maji ya bahari yanaingia kwa mpira mmoja, yanaosha bakuli, kisha uchafu unatoka kwa mpira mwingine. Ni mtambo rahisi, na maji yake ni ya bure na hayaishi. Tatizo ni kwamba maji ya bahari yamejaa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Boti ikikaa siku mbili tatu bila kutumika, vile vilivyobaki ndani ya mpira vinakufa na kuoza. Tena maji hayo yana salfa, na bakteria wanaoishi pasipo hewa wanaigeuza kuwa ile gesi inayonuka kama yai viza. Ndiyo maana mgeni anapiga pampu ya kwanza asubuhi na harufu inajaa boti nzima. Juu ya hapo, maji ya chumvi yakichanganyika na mkojo yanaacha ukoko mgumu kama chokaa ndani ya mpira, mpaka njia inaziba. Kila fundi wa boti anaijua kazi ya kuuzibua, na hakuna anayeipenda.

Maji matamu yanapunguza sana matatizo hayo, na hapo sibishani na mafundi. Ingawa hata kifundi si suala la kuunga mpira tu. Ukikiunganisha choo moja kwa moja na tangi la maji ya kunywa bila kifaa cha kuzuia maji yasirudi nyuma, siku moja utawanywesha wageni wako maji ya chooni. Lakini mimi nauliza maswali mawili tu: hayo maji matamu yanatoka wapi, na huo uchafu unakwenda wapi?

Tuanze na maji. Chukua boti yenye watu 20. Kila mmoja aende chooni mara tatu kwa siku, na kila mara zitumike lita tatu. Hizo ni lita 180, yaani madumu tisa ya lita 20. Kwa boti moja, kwa siku moja, kwa choo tu. Sasa nenda vijiji vya pwani ya Unguja uone mama anavyohangaika kupata madumu mawili. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa ripoti kuhusu maji na utalii. Kwa Zanzibar liliangalia vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, likakuta mtalii anatumia maji mara 16 ya mwenyeji. Mara 16! Na ninyi wa Dar msijidai hayawahusu. Mnakumbuka mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipopungua, tukawekwa kwenye mgao, watu wakawa wanafukuzana na maboza ya maji usiku wa manane? Katika nchi kama hiyo mtu anapakia maji matamu botini, anaelea juu ya bahari nzima, halafu anayamwaga chooni.

Ajabu ni kwamba Hong Kong, mji tajiri kuliko sisi mara nyingi, wanafanya kinyume chake. Tangu miaka ya 1950 wanasukuma vyoo vya NCHI KAVU kwa maji ya bahari, na leo zaidi ya asilimia 80 ya wakazi wake wanatumia utaratibu huo. Wamejenga mabomba ya pekee kwa kazi hiyo, ili maji matamu yabaki ya kunywa na kupikia. Wao wanapeleka maji ya bahari ghorofani, sisi tunapeleka maji ya kisima baharini. Nani msomi hapo?

Sasa tuje kwenye uchafu, maana hapa ndipo neno "mazingira" linapogeuka dhihaka. Ukibadilisha maji ya kusukumia bila kuweka tangi la kuhifadhia uchafu, kinyesi ni kilekile, tundu ni lilelile, bahari ni ileile.

Upo mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotoka melini, MARPOL, na kiambatisho chake cha nne, kilichoanza kutumika mwaka 2003, kinahusu maji taka. Kinasema uchafu ambao haujasafishwa umwagwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu iliyo karibu, kama kilomita 22. Kiambatisho hicho kinahusu meli za safari za kimataifa, zile za tani 400 na kuendelea au zinazobeba watu zaidi ya 15. Boti yetu ya kwenda kutazama pomboo haimo. Lakini hebu tuutumie kama kipimo tu. Sehemu nyembamba ya mkondo kati ya bara na Unguja haifiki kilomita 40. Ukisimama katikati kabisa, bado hujafika hizo maili 12 kutoka upande wowote. Kwa kipimo hicho hapo hapafai, sembuse mita 100 kutoka ufukweni zinapotia nanga boti hizi!

Na maji yakijaa yanarudi na kila kitu. Huko Paje na Jambiani kuna akina mama wanaosimama ndani ya maji saa nzima wakifunga mwani kwenye kamba, kazi iliyoshika kasi Zanzibar tangu 1989. Kuna watoto wanaoogelea na wavuvi wa pweza wanaotembea juu ya mwamba. Hawa hawajawahi kupanda hizo boti, lakini ndio wanaopokea salamu zake.

Najua majibu yenu. La kwanza: mbona maji taka ya Mji Mkongwe na ya katikati ya Dar nayo yanaishia baharini? Kweli, na ni aibu nyingine inayohitaji makala yake. Lakini jirani akitupa taka barabarani, wewe hupati leseni ya kutupa zako. La pili: mbona babu zetu walijisaidia kwenye kisanduku kilichoning'inizwa nje ya jahazi? Kweli pia. Ila babu zetu hawakuuza tiketi kwa dola wakiita jambo hilo utunzaji wa mazingira.

Basi tufanye nini? Kwanza weka tangi la kuhifadhia uchafu, hilo ndilo la msingi. Ukishaliweka, njoo tuzungumze maji matamu, maana hapo kweli yanasaidia tangi lisinuke. Kama shida yako ni harufu tu, mwisho wa safari piga pampu lita moja mbili za maji matamu zisafishe mipira kabla ya kufunga boti. Huna haja ya madumu tisa. Vipo pia vyoo vinavyotenga mkojo na kinyesi ambavyo havihitaji maji ya kusukuma kabisa. Na ninyi wenye mamlaka ya bandari na fukwe: magari ya kunyonya majitaka yamejaa mitaani kwetu. Mnashindwa nini kutenga sehemu gatini ambapo boti zitanyonywa, kisha mkapiga marufuku kumwaga karibu na fukwe?

Na sisi tunaokwenda Mbudya na Bongoyo Jumapili na kamera zetu tusijifanye wageni wa jambo hili. Visiwa hivyo ni hifadhi tangu 1975. Ukipanda boti yenye choo, kabla hujalipa nauli muulize nahodha kwa adabu tu: kaka, hiki choo kinamwaga wapi? Akikuonyesha tangi, mlipe na umshukuru. Akicheka, shuka.