Hali ya hewa haikunyakua ardhi

Wanafunzi wetu wa Historia wamelizoea swali hili kama sala: eleza sababu zilizowafanya Wazungu kufanya makao katika nyanda za juu za Kenya. Jibu nalo limezoeleka vivyo hivyo. Hali ya hewa ya baridi, udongo wenye rutuba, mvua ya kutosha, reli. Mwanafunzi huziandika hoja hizo nne, mwalimu humpa alama zake, na wote wawili hufunga daftari wakiwa radhi. Mimi siko radhi. Katika jibu hilo baridi na mvua ndizo zilizotenda kila kitu, naye binadamu aliyetwaa ardhi ya mwenziwe haonekani popote.

Sisemi kwamba jiografia haikuwa na lake. Mwambao wa Afrika Magharibi uliitwa kaburi la Mzungu kwa sababu malaria na homa ya manjano ziliwafyeka wageni kwa wingi. Ndiposa kule Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, hawakumiminika masetla wa kulima; kakao ilipandwa na wenyeji wenyewe. Kwetu, kadiri mtu apandavyo kutoka pwani ndivyo baridi inavyopunguza kasi ya kukua kwa kimelea cha malaria ndani ya mbu. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, Mzungu aliweza kulala bila hofu ya kutoamka.

Hata hivyo, wenzangu walimu, ikiwa baridi na rutuba zilitosha, tutasema nini kuhusu Kisii? Nyanda za Abagusii zina kimo, mvua na udongo ambao mkulima yeyote angeutamani, ilhali hazikutiwa katika eneo la masetla. Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ni baridi kuliko Nairobi, nako pia wenyeji walibaki wakilima migunda yao. Na Ethiopia je? Milima yake ni mirefu na hewa yake ni murua, lakini Waitalia walishindwa vita vya Adwa mwaka wa 1896, na nyanda zile zikawaponyoka hadi walipovamia tena mwaka wa 1935. Huko, kilichoamua ni nani akae wapi kilikuwa bunduki, wala si kipimajoto.

Hapa kwetu reli ilitangulia. Ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Kisumu mwaka wa 1901, nayo ilimgharimu mlipa kodi wa Uingereza zaidi ya pauni milioni 5. Kamishna Charles Eliot alitaka wakulima wa Kizungu waipatie mizigo ya kubeba. Basi ardhi iliyotamaniwa kwanza ilikuwa ile iliyopakana na njia ya garimoshi. Kisii ilikuwa kando, tena imejaa watu.

Watu! Hilo ndilo neno linalokosekana katika majibu ya wanafunzi. Vitabu kadhaa nilivyosomea vilidai kwamba masetla walikuta ardhi tupu. Kwa hakika sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha ndui, ukame na njaa vikaandamana mwishoni mwa mwongo huohuo. Wakikuyu wengi wa Kiambu walikufa au walikimbilia kwa jamaa zao kaskazini. Mgeni aliona magugu shambani akaamua kwamba shamba halina mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka wa 1902 ikampa Kamishna uwezo wa kuiuza, na ile ya 1915 ikawapa masetla mikataba ya kukodi kwa miaka 999. Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, wakapewa Laikipia kwa ahadi kwamba itakuwa yao daima. Ahadi hiyo haikumaliza hata miaka kumi. Mkataba wa 1911 uliwahamisha tena. Waliposhtaki, mahakama ilisema mwaka wa 1913 kwamba haina uwezo wa kusikiza kesi hiyo, eti mikataba ile ilikuwa baina ya dola na dola!

Wala mazingira yenyewe hayakuwa karimu kama tunavyofundisha. Lord Delamere alipoanza kilimo Njoro, ngano yake ilishambuliwa na kutu, na mifugo yake ikaangamia. Karibu na Nakuru ng'ombe walikonda hali nyasi zimejaa, na baadaye ikabainika kwamba udongo ulipungukiwa na madini ya kobalti. Aliyemwokoa setla aghalabu ni serikali: ilimtafutia vibarua kwa kodi ya nyumba na kipande, na ikamzuia Mwafrika kupanda kahawa. Zuio hilo lilianza kulegezwa miaka ya 1930 tu, ilhali Wachagga wa Kilimanjaro, jirani zetu, walikuwa wakiivuna kahawa yao zamani.

Mfano unaonikera zaidi ni wa Watalai wa Kericho. Kwa sheria ya mwaka wa 1934, ukoo huo wa viongozi wa kidini wa Wakipsigis uling'olewa katika nchi yake ya baridi na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, penye mbu na mbung'o. Watawala walijua jiografia barabara. Palepale walipoogopa kulala wao ndipo walipowatupa wenzao, wazee kwa watoto.

Masuala haya hayajazikwa. Ni Katiba ya 2010, kifungu cha 65, iliyopunguza mikataba ya wageni hadi miaka isiyozidi 99, na Watalai wangali wakidai haki yao. Mwanafunzi anayeamini kwamba mvua ndiyo iliyogawa ardhi atayaelewaje madai hayo?

Muhula ujao, mwalimu mwenzangu, tundika ubaoni ramani mbili, ya mvua na ya reli. Kisha waulize wanafunzi wako kwa nini Kisii haikutwaliwa na Limuru ikatwaliwa, na uwape muda wa kutosha kabla hujawajibia.