Vijana Wasingojee Mirembe

Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya Korona, wanafunzi wa Dodoma walirejea makwao, wengine Kongwa na Bahi, wengine mikoa ya mbali. Juni 1 vyuo vikafunguliwa. Mihadhara ikafidiwa, mitihani ikafanywa. Nani aliwauliza habari za hofu na misiba waliyotoka nayo nyumbani? Kijana asiyepata usingizi huona haya kutafuta tiba, kwa kuwa jina la Mirembe, hospitali ya tangu 1927, limegeuzwa tusi mitaani (hospitali yenyewe haina kosa). Kwa hiyo zahanati ya kijiji na ya chuo ndizo zistahilizo kuwa mlango wa kwanza, na muuguzi wake afundishwe kusikiliza huzuni kama afundishwavyo kupima malaria.