SEMINA ZA UTALII KIJIJINI: TUNAFUNDISHA TABASAMU, MKATABA TUNAUFICHA

Testi zimepita, bumu limeingia na limeshaanza kutoka, maisha yanaendelea. Leo sina stori za hosteli wala za foleni ya kantini. Leo nina hasira kidogo, kwa hiyo vumilieni.

Jana jioni tulikuwa kwenye vimbweta na diskasheni ya utalii wa jamii. Swali lenyewe: vijiji vya makabila madogo vifanyiwe nini ili vifaidike na utalii? Kabla sijafungua daftari jibu lilishapatikana. "Wajengewe uwezo." Watu sita, kalamu sita, neno moja. Nikauliza, uwezo wa nini? Nikaambiwa: kupokea wageni, usafi, Kiingereza kidogo, kuimarisha ngoma za asili. Asainmenti ikafungwa, watu wakaenda kula chipsi.

Mimi nimebaki na kitu kooni, kwa sababu hao "wanavijiji" wa kwenye asainmenti ni mama mdogo wangu na majirani zake. Kwetu ni Hanga.

Kwa wasiopajua: ukitoka Songea mjini unaelekea mashariki, njia ya Namtumbo. Kiserikali tuko wilaya ya Namtumbo tangu ilipokatwa kutoka Songea Vijijini mwaka 2002, ila wazee wakiulizwa bado wanajibu "Songea". Wengi mnapasikia kwa sababu ya abasia ya Wabenediktini, iliyoanza mwaka 1957. Kwa hiyo wageni kwetu siyo ajabu. Wamekuja weupe na weusi, wenye mikoba na wenye misalaba, na hakuna aliyelala njaa. Leo hii mtu anatoka mjini na bango kitita kuja kumfundisha Mndendeule kumkaribisha mgeni! Jamani.

Ndiyo, nimesema Mndendeule. Najua kuna mtu ameshasema "si Wangoni tu hao". Ndo shida yenyewe. Wangoni walipoingia kutoka kusini karne ya 19 waliwaweka babu zetu chini yao, na mpaka leo ukitaja Ruvuma mtu anakumbuka Wangoni na lizombe, akijitahidi sana anaongeza Wamatengo na ngoro zao za kule Mbinga. Hata chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1936 kiliitwa Ngoni-Matengo, wakati mashamba ya tumbaku yalikuwa kwetu vilevile. Tumezoea kutokuwepo kwenye jina. Sasa utalii nao unataka tusiwepo kwenye hesabu.

Niwape mfano nilioushuhudia. Mwaka juzi nikiwa likizo, taasisi moja (jina nalihifadhi) ilikuja upande wetu na semina ya siku tatu, darasani shule ya msingi. Siku ya kwanza: maana ya mtalii. Siku ya pili: kunawa mikono, kutabasamu, na salamu za Kiingereza. Siku ya tatu: ngoma. Hapo ndo nilichoka kabisa, maana waliambiwa wacheze lizombe, eti wageni wanaijua. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa upole tu: "Mwanangu, huyo mgeni akija atalipa shilingi ngapi, na atamlipa nani?" Mwezeshaji akacheka. Akamwambia mzee tusiwe na haraka ya hela, kwanza tujenge mtazamo chanya.

Mtazamo chanya! Mzee yule amelima tumbaku na ufuta maisha yake yote. Anajua kusimama kwenye mizani na kugombea kilo moja ya ufuta wake mpaka karani anaipima upya. Ila akiuliza bei ya ngoma yake mwenyewe anaonekana ana haraka.

Semina ikafungwa kwa vyeti, fulana, posho na picha ya pamoja. Miezi ikapita. Likaja gari moja la wageni. Wakachezewa ngoma, wakapiga picha, hazikufika dakika arobaini. Kampuni ilikuwa imeshalipwa huko ilikolipwa. Dereva akatoa shilingi 20,000 wagawane, na walikuwa kumi na wanne. Pigeni hesabu wenyewe, haifiki 1,500 kwa kichwa. Cheti cha mama mdogo kiko ukutani sebuleni, kimebandikwa kando ya kalenda.

Msimamo wangu ni huu, na atakayenizomea anizomee: semina ya utalii inayomfundisha mwanakijiji kila kitu isipokuwa bei, mkataba na daftari la fedha siyo mafunzo. Ni kumwandaa awe mtumishi ndani ya nyumba yake.

Sasa msije mkasema napinga mafunzo. Sipingi, na mfano uko wilaya hiyohiyo ya kwetu. Pale Likuyu Sekamaganga kuna chuo cha uhifadhi wa maliasili kwa jamii, kipo tangu miaka ya 1990, kinafundisha askari wa wanyamapori wa vijiji. Kijana anatoka kijijini, anajifunza doria, ramani na sheria, anarudi kijijini akiwa na kazi ya kufanya. Mafunzo yamefungwa kwenye kazi, na kazi imefungwa kwenye sheria. Hicho ni kitu kingine kabisa, siyo siku tatu na fulana.

Twende kaskazini kidogo, maana ndiko utalii wa utamaduni ulikoanzia. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la Kiholanzi la SNV na Bodi ya Utalii Tanzania walianzisha mpango wa utalii wa utamaduni, kwenye vijiji kama Ng'iresi, Longido na Mto wa Mbu. Mpango ule una mapungufu yake, lakini kitu kimoja walikifanya vizuri: bei iligawanywa waziwazi. Hii ya kiongozi wa wageni, hii ya chakula, hii ya maendeleo ya kijiji. Mgeni anaiona, na mama anayepika anaiona. Kama hela ya kijiji imeliwa, walau kijiji kinajua kuna kitu kimeliwa. Hanga walifundishwa tabasamu, karatasi ya bei hawakuonyeshwa. Hiyo ndo tofauti ninayoisema.

Halafu kuna Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi. Hawa ndo kabila dogo kwelikweli, wanatajwa kuwa kama elfu moja na kitu. Wageni wanapelekwa kwao asubuhi na mapema wakaone uwindaji wa upinde, wanapiga picha, wanarudi hotelini kunywa chai. Kwa miaka mingi wageni walikuja huku ardhi yenyewe ikimegwa na wakulima na wafugaji. Kilichobadilisha kitu kule Yaeda Chini haikuwa semina ya ukarimu. Ilikuwa karatasi. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, na baadaye wakaanza kulipwa kwa kuutunza msitu wao kupitia biashara ya kaboni. Angalieni mpangilio: kwanza haki, halafu hela, mgeni anakuja akimkuta mwenye nyumba. Sisi tunaanza na mgeni, haki tunasema itafuata. Haifuati.

Turudi Ruvuma. Kwenye ushoroba wa Selous na Niassa kuna Jumuiya tano za Hifadhi ya Wanyamapori, zile tunazoziita WMA. Tatu ziko Namtumbo: Mbarang'andu, Kimbanda na Kisungule. Mbili ziko Tunduru: Nalika na Chingoli. Vijiji vimetoa ardhi yao ili tembo wapite kwenda na kurudi Msumbiji. Kanuni zinasema mapato ya jumuiya, si chini ya nusu yaende kwa vijiji wanachama. Vizuri sana. Lakini nusu ya ngapi? Huwezi kuidai nusu kama nzima hujaionyeshwa. Anayeweza kuulizia nzima ni yule anayejua kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na anayejua kwamba ana haki ya kuiomba kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nani anafundisha hilo? Bango kitita lina ukurasa wa kunawa mikono. Ukurasa wa taarifa ya fedha mimi sijauona.

Na siyo hela tu. Kuna nani anasimulia. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Majimaji pale Songea, na kila mwaka siku hiyo tunakumbuka. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mwenyewe Songea akaomba msamaha, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano. Ni jambo kubwa, na mimi nililifurahia. Lakini vita ile na njaa iliyofuata havikuchagua kabila. Ukoo wa Kindendeule uliopoteza watu wake una stori pia, inasimuliwa jikoni, kwa Kindendeule, na bibi ambaye hajaalikwa semina yoyote. Huo ndo utalii ambao Hanga inao na hakuna mwingine anao. Badala ya kumkalisha bibi yule chini, arekodiwe na ajukuu wake kwa ruhusa yake, tunawafundisha majukuu kucheza ngoma ya jirani kwa sababu mgeni aliiona kwenye kipeperushi. Yaani tunawafundisha watu kujifuta.

Najua jibu la wanadiskasheni wenzangu. "Mikataba ni migumu, wanavijiji hawajasoma." Aisee. Haohao wanaweka na kukopa kwenye vikoba, na daftari linasomwa mbele ya wanachama wote. Haohao wanauza ufuta kwa stakabadhi ghalani, wanasikiliza mnada, wanalijua soko la wiki iliyopita lilikuwa shilingi ngapi, na bei ikiwa mbaya wanakataa, mzigo unabaki ghalani mpaka wiki ijayo. Wanaweza kuukataa mnada halafu washindwe kukataa shilingi 20,000 za dereva? Hawashindwi. Hawajaambiwa tu kwamba na hapa inaruhusiwa kukataa.

Kwa hiyo wale tunaokwenda fildi mwaka huu, naomba mambo matatu, na nayasema kwetu sisi, siyo kwa wafadhili.

Moja, siku ya kwanza ya mafunzo yoyote iwe bei. Mgeni analipa ngapi mjini, kampuni inabaki na ngapi, kijiji kinapata ngapi. Kama anayewafundisha hataki kuzitaja hizo namba, wanakijiji wana haki ya kwenda zao shambani.

Mbili, mkataba uletwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti kwenye mkutano, na uachwe kijijini wiki mbili kabla ya kusainiwa. Siyo kusainiwa juu ya boneti ya gari.

Tatu, tuache kuwachagulia watu utamaduni wao. Uliza kwanza kuna nini, nani anakijua, na kipi hawataki kionyeshwe kabisa. Kuna vitu siyo vya kuuza, na kuvijua hivyo nayo ni sehemu ya mafunzo.

Tabasamu msihangaike nalo. Likiwepo la kutabasamia, Hanga watatabasamu bila mwezeshaji.

Nimemaliza, kipindi kinaanza saa nane na profesa akishaingia mlango unafungwa. Nyie wa kundi langu mtakaosoma hapa, najua mmekasirika. Asainmenti inakusanywa Ijumaa, bado tunaweza kuiandika upya. Na wadau wa Mbinga, Tunduru, Eyasi na kwingineko, semina za kwenu ziliacha nini zaidi ya fulana? Tupeni stori, tusikie.