Kofia ya Asubuhi ya Idi

Kumi la mwisho la Ramadhani, mafundi cherehani wa Zanzibar hupata usingizi kidogo. Kanzu zinangoja darizi ya shingoni, magauni ya watoto yamerundikana chini ya meza. Nyumbani kofia ya viua imeshafuliwa, imetiwa wanga na kuvishwa juu ya bakuli lililopinduliwa ili ikauke bila kujikunja. Siku ya Idi mtoto ataivaa, atapewa pesa yake ya sikukuu, na jioni ataonekana nayo viwanjani Mnazi Mmoja.

Kila mwaka husikika lawama kwamba hayo yote ni israfu. Toleo hili la mavazi linaipinga lawama hiyo, kwa sababu anayelaumu amesahau kofia ile ilikotoka.

Kabla ya utumwa kufutwa rasmi Unguja na Pemba mwaka 1897, nguo ilimtaja mtu kabla hajafungua kinywa. Mtumwa mwanamume alijifunga merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Mwanamke alivaa kaniki ya rangi ya kiza. Kichwa wazi, miguu mitupu. Kofia, kanzu na viatu vilikuwa vya waungwana.

Uhuru ulipokuja, waliokuwa watumwa waliitumia pesa yao ndogo kununua kile walichonyimwa. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliitupa kaniki wakachukua kanga, doti kwa doti, na baadaye wengi wakajifunika buibui. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu burudani na siasa za Zanzibar, ameonyesha kwamba mabadiliko hayo ya mavazi yalikwenda pamoja na mabadiliko ya jina: waliokuwa wakiitwa watumwa walijiita Waswahili, kisha Wazanzibari. Katika ngoma za lelemama wanawake walitoka kwa sare, kanga za aina moja kikundi kizima. Hapo palikuwa na furaha, na palikuwa na dai pia.

Hata hivyo, hakuna anayemtaka mzazi akope ili kununua nguo ya Idi. Nguo ya mwaka jana, ikifuliwa na kupigwa pasi vizuri, inamtosha mtoto kusema yeye ni nani.

Msomaji mwenye bibi au babu aliye hai amwulize kabla ya Idi: katika ukoo wao, nani alikuwa wa kwanza kuvaa kofia? Jibu lake aliandike, alilete kwa mhariri.